Kuambua Rangi ya Baiskeli: Kazi na Maneno Yake

Makala haya yanahusu kazi ndogo ifanywayo kila siku chini ya miti na vibarazani mwa mafundi wetu, yaani kazi ya kuondoa rangi kuukuu katika fremu ya baiskeli na kuitengeneza mahali ilipoharibika. Nia ya kuyaandika ni mbili. Kwanza, kuieleza kazi yenyewe kwa utaratibu wake, kwa kuwa haiwezekani kuyachunguza maneno ya ufundi bila kuujua ufundi wenyewe. Pili, kuyapambanua maneno ambayo aghalabu huchanganywa kana kwamba yote yana maana moja.

Msomaji ataona kwamba kuyachanganya huko si kosa la lugha tu. Mtu akimwambia fundi, "Nitolee rangi hii," neno hilo kutoa laweza kufahamika kuwa ni kukwangua kwa kisu, au kuchoma kwa moto, au kulainisha kwa dawa, au kusugua kwa msasa. Katika njia hizo nne imo iwezayo kuiharibu fremu isitumike tena, na imo iwezayo kumdhuru fundi mwenyewe na watoto wachezao karibu naye. Kwa hiyo kulitafuta neno lililo sawa ni sehemu ya kazi, kama vile kuitafuta spana iliyo sawa.

1. Rangi ni nini

Neno rangi, lililotujia kutoka Kiajemi, lina maana mbili katika Kiswahili. Maana ya kwanza ni ile sura ionekanayo kwa jicho: wekundu, weusi, ukijani. Maana ya pili ni kile kitu kipakwacho. Katika mazungumzo ya kawaida maana hizi mbili hazigombani. Lakini fundi hana budi kuzitenga, kwa sababu rangi yaweza kupotea kwa maana ya kwanza huku ikiwa ingaliko kwa maana ya pili. Fremu iliyokuwa nyekundu ikageuka kuwa ya waridi kwa jua imepoteza wekundu wake, wala haijapoteza ngozi yake.

Nimesema ngozi kwa makusudi. Fremu nyingi za baiskeli za kazi ni za chuma, na chuma kikikutana na maji na hewa hupata kutu. Rangi ndiyo inayokitenga chuma na adui hao wawili. Tena rangi ya kiwandani si tabaka moja. Tuchukue mfano wa zile baiskeli nzito nyeusi zilizoletwa kwetu kutoka Uingereza, na baadaye kutoka India na China, ambazo nchini Kenya zimepata jina la Black Mamba. Katika baiskeli bora za namna hiyo chuma kilisafishwa kwanza, kisha kikatiwa dawa ya fosfati ili uso wake ushikane vema na rangi. Ufundi huu wa fosfati ulipata hati ya uvumbuzi nchini Uingereza mwaka 1906 kwa jina la Thomas Watts Coslett. Juu ya fosfati huja rangi ya msingi, halafu rangi yenyewe iliyookwa katika tanuri mpaka ikawa ngumu, halafu mistari myembamba ya dhahabu na nembo za kubandikwa, na mwisho vanishi. Mwenye kuiambua rangi hiyo anaziondoa ngozi zote hizo pamoja, na nyingine kati yake hatoweza kuzirudisha kwa brashi na kopo.

2. Maradhi ya rangi

Kiswahili huisemea rangi kwa maneno ya ngozi ya mwanadamu. Jambo hili lina faida kubwa, maana kila neno la ugonjwa hutuonyesha chanzo chake na tiba yake.

Rangi hupauka. Kupauka ni kupoteza mng'ao na kuwa na weupeweupe kama ngozi isiyopakwa mafuta. Chanzo chake ni jua. Uso wa juu umekufa, lakini chini yake rangi ni nzima. Rangi iliyopauka haihitaji kuambuliwa. Yatosha kuisugua polepole kwa dawa ya kung'arishia na kitambaa laini, na mara nyingi sura ya kwanza hurudi. Kupauka kusichanganywe na kuchujuka. Kinachochujuka ni nguo, kwa sababu rangi yake hutoka na kwenda na maji. Rangi ya fremu haichujuki, isipokuwa itiwe petroli ama tina kabla ya kukauka sawasawa.

Rangi huchubuka. Mchubuko hutoka nje: baiskeli imegongwa, imeegemezwa ukutani, au kamba ya mzigo imesugua bomba mwaka mzima. Rangi iliyo kando ya mchubuko ni nzima na imeshika. Hapa dawa ni kiraka, na habari zake zitafuata.

Rangi hubambuka. Kubambuka hutoka ndani. Ama chuma hakikusafishwa kabla ya kupakwa, ama palikuwa na mafuta, ama kutu imetambaa chini ya rangi na kuiinua. Ukitia ukucha pembeni, gamba zima huinuka. Rangi ya namna hii haifai kutiwa kiraka, kwa kuwa kiraka hakiwezi kushika kuliko nguo kinachoshonewa.

Rangi hufanya malengelenge. Hivi ni vivimbe vidogo, na maana yake ni kwamba unyevu umenaswa chini. Kwetu pwani, penye hewa ya chumvi, malengelenge huonekana kwanza chini ya fremu, kwenye bomba la ekseli ya pedali, ambamo maji ya mvua yaliyoingia kwa juu hukusanyika. Kulitumbua lengelenge na kupaka juu yake ni kuificha kutu iendelee kula.

Mwisho, rangi hufanya nyufa. Hapa pana hatari, na fundi astahamili kutazama mara mbili. Nyufa za rangi huwa nyingi, zimesambaa kama tope la ziwa lililokauka, wala hazina mwelekeo mmoja. Lakini ukiuona ufa mmoja tu, umepita karibu na kiungo, ukizunguka bomba, na mstari wa kutu umejichora ndani yake, yaelekea ufa huo ni wa chuma, nao umejionyesha kwa kuipasua rangi. Fremu hiyo isipakwe kabla ya mahali hapo kuambuliwa na kuchunguzwa. Kuipaka ni kumfunika mgonjwa shuka na kusema amepona. Naye mpanda baiskeli atakuja kuanguka njiani pamoja na mzigo wake.

3. Je, rangi iambuliwe?

Swali hili hupitwa upesi mno. Watu hudhani kwamba kutengeneza ni kufanya upya, na kwamba kufanya upya ni kuanza na chuma kitupu. Sivyo. Rangi ya zamani iliyookwa, ikiwa bado imeshika, ni bora kuliko rangi mpya iliyopakwa kwa mkono. Ni msingi uliokwisha kujaribiwa na miaka. Ikisuguliwa tu ili kuondoa utelezi, itapokea rangi mpya vizuri.

Tena rangi ya kwanza ni ushuhuda. Nembo, mistari, na sura ya rangi huonyesha baiskeli ilitengenezwa wapi na karibu na miaka gani. Kwa ajili hiyo wapenzi wa baiskeli za kale, kama wale wa Veteran-Cycle Club iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1955, huithamini fremu yenye rangi yake ya asili, ingawa imechubuka, kupita ile inayong'aa kwa rangi ya jana. Vilevile namba ya fremu, ambayo aghalabu hupigwa kwenye kiungo cha kiti au chini ya bomba la ekseli ya pedali, yaweza kufutika kwa tupa au msasa mkali. Namba ikifutika, mwenye baiskeli hana tena cha kumwonyesha polisi siku baiskeli yake itakapoibiwa.

Lakini iko sababu nyingine ya kuifikiria rangi kabla ya kuigusa, nayo ni nzito kuliko hizo. Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi. Rangi nyekundu ya risasi ilipendwa sana kuwa rangi ya msingi kwa sababu huzuia kutu, na rangi nyingi za manjano na za machungwa zilipata sura yao kutokana na risasi pia. Rangi hiyo ikiwa imetulia juu ya chuma haimdhuru mtu. Ikisuguliwa kikavu huwa vumbi, na vumbi hilo huvutwa kwa pumzi, hushika mikononi, huanguka mchangani. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba hapana kiasi cha risasi katika damu kijulikanacho kuwa hakina madhara, na watoto wadogo ndio waumiao zaidi, kwa kuwa risasi huharibu ubongo ungali unakua. Umoja wa Mataifa umeshauri kwamba rangi zisizidi sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni moja. Lakini fremu ya miaka mingi iliyopita haikupimwa kwa kipimo hicho. Kwa hiyo yapasa kila rangi ya zamani ihesabiwe kuwa ina risasi, mpaka ijulikane kuwa haina.

4. Kuambua na njia zake

Sasa na tulitazame neno kuambua. Nimelichagua kuwa jina la kazi nzima kwa sababu halitaji chombo. Lataja matokeo, yaani gamba limetengana na kile lilichokuwa limekifunika. Shina lake lina wazo la kushikamana, kama tuonavyo katika kuambatana na kuambatisha, na kwa kiambishi -ua kushikamana huko kunatenguliwa. Ndivyo ilivyo pia kwa kubandika na kubandua. Lakini kubandua kwafaa kwa kitu kilichokuwa kimebandikwa, kama nembo ya karatasi. Rangi haikubandikwa, imepakwa. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila kitenzi chenye mwisho huo hutengua jambo: kukwangua na kuchubua havitengui kitu, bali vyataja namna ya kuumiza uso.

Chini ya jina hilo kuambua, njia ni hizi.

Kukwangua ni kuondoa kwa ncha au makali, kama mpishi akwanguavyo ukoko wa sufuria. Hufaa kwa rangi iliyokwisha kubambuka. Kwa rangi iliyoshika ni kazi ya kujichosha, na kisu huacha mikwaruzo itakayoonekana chini ya rangi mpya. Kupara ni jamaa yake. Hutumika kwa samaki kuondoa magamba, na baadhi ya mafundi hulitumia kwa rangi itokayo vipande vipande.

Kusugua ni kwa msasa. Neno hili lina historia inayopendeza. Msasa ni mti wenye majani yanayokwaruza, na maseremala waliyatumia majani hayo kulainishia mbao; karatasi ya kiwandani ilipokuja ikalirithi jina la jani. Msasa huhesabiwa kwa namba: namba ikiwa kubwa, chembe zake ni ndogo. Msasa wa 80 hula rangi upesi, ule wa 240 huondoa mikwaruzo ya wa kwanza, na ule wa 400 au 600 huandaa uso kupokea rangi. Kusugua kikavu ndiko kuletako vumbi nililolitaja. Dawa yake ni rahisi: utumike msasa wa maji, uso ulowekwe wakati wote, na tope lipanguswe kwa kitambaa kitakachotupwa mbali na watoto. Ikumbukwe pia kwamba mabomba ya baiskeli za mashindano ni membamba sana. Bomba la Reynolds 531, lililotolewa mwaka 1935, katikati yake laweza kuwa na unene wa nusu milimita tu. Tupa na mashine ya kusagia visikaribie bomba la namna hiyo.

Kubabua ni kwa moto. Neno hili latumika vema kwa ngozi iliyounguzwa, na kwa rangi vilevile. Moto wa kawaida wa kuambulia rangi hauyeyushi shaba iliyounga viungo, kwani shaba hiyo huhitaji joto la karibu nyuzi 900 za sentigredi. Ubaya wa kubabua uko katika moshi. Risasi ikipata moto mkali hupanda na moshi, na mtu huivuta bila kuiona. Njia hii, basi, ingawa ni ya haraka, yafaa iachwe.

Kulainisha ni kwa dawa. Dawa ya kale ni kostiki soda. Utendaji wake utafahamika mara moja na kila aliyewahi kuona sabuni ikipikwa: magadi makali yakikutana na mafuta huyageuza kuwa sabuni. Rangi ya mafuta nayo ina mafuta. Soda huyageuza, na rangi hulegea ikaoshwa. Soda itiwe ndani ya maji, wala maji yasimwagwe juu ya soda, kwa kuwa joto litokealo ghafula hurusha dawa usoni. Mikono na macho yafunikwe. Kazi ikiisha fremu ioshwe kwa maji mengi, kisha ipanguswe kwa siki iliyozimuliwa, ili soda isibaki kwenye viungo na kuibambua rangi mpya kutoka chini. Tena njia hii ni kwa chuma peke yake. Fremu ya alumini ikitiwa soda huliwa yenyewe na kutoa hewa iwakayo moto. Na kwa rangi ya unga iliyookwa, kama zilivyo nyingi za siku hizi, soda haina nguvu sana.

Zipo dawa za dukani zenye nguvu zaidi. Zile zenye kemikali iitwayo diklorometheni huambua rangi kwa dakika chache, lakini mvuke wake umeua watu waliozitumia katika vyumba vilivyofungwa. Mwaka 2019 Marekani ilipiga marufuku kuwauzia watu wa kawaida dawa za kuambulia rangi zenye kemikali hiyo. Mwenye kununua dawa yoyote asome kwanza maandishi ya kopo, na aifanyie kazi mahali penye upepo. Fremu za kaboni zisitiwe dawa hizi kamwe, kwa kuwa dawa haiwezi kutambua gundi ya rangi na gundi iliyoishika kaboni yenyewe. Fremu hizo husuguliwa kwa mkono, polepole.

5. Kutia kiraka

Kazi ya kutengeneza mahali padogo palipochubuka nimeiita kutia kiraka. Neno ni la mshonaji, nalo linafaa, kwa sababu sheria ni zilezile: kiraka kikate mpaka penye nguo nzima, kingo zake zisivimbe, na sura yake ifanane na pembeni mwake.

Kwanza mahali hapo paoshwe kwa sabuni, kisha pafutwe kwa kitambaa chenye tina kidogo kuondoa mafuta. Kutu iondolewe mpaka chuma kionekane cheupe. Kutu iliyojificha katika vishimo vidogo hutiwa dawa yenye tindikali ya fosfori, ambayo huigeuza kuwa fosfati. Ndiyo kanuni ileile ya Coslett, ila kwa kiasi cha kijiko. Halafu kingo za rangi ya zamani zisuguliwe kwa msasa wa maji mpaka ukipitisha kidole hukihisi kidaraja. Jicho hudanganyika hapa; kidole hakidanganyiki.

Ifuate rangi ya msingi, tabaka jembamba, iachwe ikauke. Kisha rangi yenyewe, tabaka mbili au tatu nyembamba, kila moja ikisubiri mwenzake ikauke. Tabaka moja nene hukauka juu na kubaki bichi ndani, nayo huteremka ikafanya machozi. Kufananisha rangi ndiyo kazi ngumu kupita zote. Hata kopo lenye jina lilelile la kiwanda halitalingana na rangi iliyopigwa na jua miaka 20, na tena rangi mbichi na rangi kavu si moja. Kwa hiyo fundi mwangalifu hujaribu kwanza mahali pasipoonekana, chini ya bomba la ekseli ya pedali, akangoja mpaka kesho ndipo akaamua.

Siku ya mvua isichaguliwe. Rangi zikaukazo upesi zikipulizwa penye unyevu mwingi hufanya ukungu mweupe. Nyuzi za skrubu na mahali pakaapo gololi pazibwe kwa utepe wa karatasi, ama sivyo vikombe havitaingia tena. Na fremu ikiisha kupakwa isifungwe vyombo vyake upesi: rangi iliyokauka mkononi bado haijawa ngumu, na bolti ikikazwa juu yake huibambua siku hiyo hiyo.

6. Hitimisho

Kutokana na hayo yaonekana kwamba Kiswahili hakina upungufu wa maneno katika kazi hii. Yapo ya maradhi: kupauka, kuchubuka, kubambuka, malengelenge, nyufa. Yapo ya kazi: kukwangua, kupara, kusugua, kubabua, kulainisha, kutia kiraka. Mengi kati yake hayakubuniwa kwa baiskeli. Yalikuwako jikoni, pwani kwa wavuvi, na katika miili yetu wenyewe, yakaazimwa. Kinachopungua ni kuyaweka kila moja mahali pake, hasa na waandishi wa vitabu vya ufundi, ambao mara nyingi huandika kuondoa rangi na kuishia hapo.

Yawezekana kwamba maneno haya hutofautiana toka mahali hata mahali, na kwamba fundi wa Kisumu au wa Bujumbura anayo mengine yaliyo bora. Itafaa wasomaji wa jarida hili wakae kidogo kwa mafundi wa sehemu zao na kuyaandika wayasikiayo, pamoja na kazi inayofanywa wakati neno linapotamkwa. Neno lililookotwa bila kazi yake ni kama nembo iliyobanduliwa ikawekwa mfukoni: maandishi yake yasomeka, lakini haijulikani tena ilikuwa ya baiskeli gani.